NYUMBA NAYO HULA

Mtu anunuapo ng'ombe humtazama meno, akampapasa mbavu, kisha akamwuliza mwenyewe: hukamuliwa kiasi gani kwa siku, na hula nini? Anunuapo gari huuliza lanywa mafuta kiasi gani kutoka Mombasa hadi Voi. Lakini apangapo nyumba, au aijengapo, huuliza kodi na bei ya kiwanja basi. Nyumba atakayolala ndani yake miaka 40 haiulizii inakula nini. Na nyumba, ndugu msomaji, nayo hula. Hula stima, hula mkaa, hula kuni, hula gesi na mafuta ya taa. Na chakula hicho hutoka mfukoni mwa aliyemo ndani, kila siku ya Mungu.

Jambo hili nimelifikiri sana nikiwa huku Kapsoit, katika nchi ya chai. Kapsoit ni mji mdogo wa barabarani, katika njia itokayo Kericho kwenda Kisumu. Mimi ni mgeni wa mwalimu mmoja mstaafu, tuliyejuana zamani aliposomesha Mombasa. Nchi ya Kericho iko karibu mita 2,000 juu ya bahari. Mvua hupenda kuja alasiri, na mara nyingine huja ya mawe, ikayachanachana majani ya chai. Usiku hewa huteremka hadi nyuzi 10 au chini yake. Sisi wa Mwambao, ambao hata upepo wa kusi ukivuma hatuachi feni, baridi ya namna hii huijua kwa kusimuliwa. Maji ya udhu wa alfajiri huku hayaguswi mara mbili bila ya kutia nia upya.

Nyumba ya mwenyeji wangu ni nzuri kwa macho. Kuta zake ni za mawe ya kuchonga, madirisha ni mapana ya vioo na vyuma, na paa ni la bati jekundu. Sebule imetiwa dari ya mbao. Vyumba vya kulala bado. Asubuhi bati la chumbani hutoka jasho: pumzi za waliolala hupanda, zikakutana na bati baridi, zikageuka maji, yakadondoka juu ya blanketi. Lau ungeipakia nyumba hii katika lori ukaishusha Likoni au Malindi, hapana ambaye angejua kwamba imetoka bara. Ramani ni ile ile, bati ni lile lile, madirisha ni yale yale. Tunajenga kana kwamba Mwenyezi Mungu ameiumba hali ya hewa moja tu. Huku nyumba hiyo humgandisha mwenyewe, na kwetu humwoka.

Daraja maana yake nini?

Wenzetu wa Ulaya walilishughulikia neno hili kwa sababu baridi yao haina mzaha. Mwaka 2002 Umoja wa Ulaya ulitoa agizo kwamba nyumba inapojengwa, inapouzwa au inapopangishwa, iwe na cheti kinachoonyesha inavyotumia nishati. Huko England na Wales vyeti hivyo vilianza kutolewa mwaka 2007. Cheti chenyewe kina milia ya rangi, kuanzia kijani mpaka nyekundu, na herufi kuanzia A mpaka G. Nyumba ya A ni yenye kukinai. Ya G ni mlafi asiyeshiba. Pamoja na herufi huwapo alama, kuanzia 1 hadi 100, na kadiri alama zinavyozidi ndivyo gharama inavyopungua. Cheti hudumu miaka 10.

Na cheti hicho si pambo la ukutani. Tangu mwaka 2018 mwenye nyumba huko haruhusiwi kumpangisha mpangaji mpya nyumba iliyo chini ya daraja la E, ila awe na udhuru unaokubaliwa na sheria. Na mwaka 2020 amri hiyo ikawafikia hata waliokuwa wamekwisha panga. Yaani nyumba mbovu kwa baridi imehesabiwa kuwa bidhaa mbovu, kama maziwa yaliyotiwa maji.

Daraja hupimwa vipi? Mpimaji huja na tepu yake. Hupima sakafu, hutazama kuta ni za nini na zina unene gani, chini ya paa mna nini, madirisha yana kioo kimoja au viwili, maji huchemshwa kwa chombo gani na taa ni za aina gani. Kisha hupiga hesabu: nyumba hii, ikikaliwa na watu wa kawaida, itakula yuniti ngapi za nishati kwa mwaka kwa kila mita mraba ya sakafu? Kwa nini mita mraba? Kwa kuwa si haki kulilinganisha kasri na kibanda. Kasri hula zaidi kwa sababu ni kubwa. Tunachotaka kujua ni kama kila pembe yake inakula kwa adabu.

Watu wa huku hawana haja ya kufundishwa hesabu hiyo, maana wanaishi nayo viwandani. Majani mabichi ya chai karibu robo tatu yake ni maji, na huhitajika takriban kilo 4 na nusu hadi 5 za majani kupata kilo 1 ya chai kavu. Maji hayo yote hufukuzwa kwa moto, na moto huo mara nyingi ni wa kuni. Basi meneja wa kiwanda haulizi tu kuni kiasi gani zimeungua mwezi huu. Huuliza: kuni kiasi gani kwa kila kilo ya chai? Ndiyo sababu kuni hupangwa chini ya paa zikauke kwanza, kwa kuwa kuni mbichi hutumia moto wake wenyewe kuyakausha maji yake. Hilo ndilo daraja la kiwanda. Na serikali ya Kenya, kwa kanuni za mwaka 2012, iliwaamuru watumiaji wakubwa wa nishati, viwanda na majengo makubwa, wafanyiwe ukaguzi wa nishati kila baada ya miaka 3. Kiwanda cha chai kinakaguliwa. Nyumba ya mchuma chai haikaguliwi.

Hesabu ya bati

Usiku mmoja mimi na mwalimu tulikaa mezani na karatasi. Tukatwaa chumba kimoja cha mita 3 kwa 4. Paa lake, tukiliweka sawa kwa wepesi wa hesabu, ni mita mraba 12. Bati tupu hupitisha wati 6 au zaidi kwa kila mita mraba kwa kila nyuzi 1 ya tofauti baina ya ndani na nje. Tuseme mtu ataka nyuzi 20 ndani na nje ni nyuzi 10. Zidisha 12 kwa 6 kwa 10: wati 720 zinatorokea juu, mbali ya zinazopita madirishani na chini ya mlango. Kwa saa 10 za usiku hizo ni yuniti 7 na zaidi, kwa chumba kimoja.

Sasa tia dari, na juu ya dari tandaza pamba ya kuzuia joto yenye unene wa kutosha. Kile kiasi cha wati 6 huteremka hata nusu wati. Hesabu ni ile ile: 12 kwa nusu kwa 10, wati 60. Kwa usiku mzima hata yuniti 1 haifiki. Chumba ni kile kile, baridi ni ile ile, na tofauti ni mara 12.

Mwalimu aliitazama karatasi kitambo, kisha akasema, "Kumbe, mzee wangu, miaka yote hii nimekuwa nikiyapasha joto mawingu ya Kericho!"

Tukaendelea na bafu. Wengi wa huku huoga kwa shawa ya umeme inayochemsha maji yakiwa yanapita. Shawa ya wati 4,500, ikitumiwa dakika 10, hula robo tatu ya yuniti. Watu 6 wakioga kila siku ni yuniti 4 na nusu. Kwa siku 30 ni yuniti 135. Linganisha na taa. Taa ya LED ya wati 9 huwaka saa 111 kwa yuniti 1, na ile globu ya zamani ya wati 60 huwaka saa 16 na kidogo. Watu hugombana na watoto kwa sababu ya taa ya ukumbini, na mlaji mkuu yumo bafuni amejifungia. Hii ndiyo faida ya kupima: humwonyesha mtu mahali tundu lilipo, asije akaziba gunia upande mzima na nafaka inamwagika upande wa pili.

Bibi jirani na daraja la kwanza

Jirani ya mwalimu ni mwanamke mtu mzima ambaye wote wa hapa humwita Kogo, yaani bibi. Nyumba yake ni ya udongo na bati, na jiko lake ni la kuni. Alipopita kuamkia akatukuta tumezama katika hesabu zetu, akataka kuelezwa. Mwalimu akamweleza kwa Kikipsigis. Kogo akacheka mpaka akakaa kitako. Akasema kwa Kiswahili ili nami nisikie, "Basi ya kwanza Kapsoit nzima ni nyumba yangu, maana haina hata waya."

Mzaha huo una elimu ndani yake. Kuna namna mbili za kuipima nyumba. Moja ni kutazama mita: mwenye nyumba ametumia kiasi gani? Kwa kipimo hicho maskini anayetetemeka gizani atapewa tuzo, na mgonjwa anayehitaji joto atalaumiwa. Namna ya pili ni kuitazama nyumba yenyewe: ingelihitaji kiasi gani ili mtu wa kawaida akae kwa raha? Vyeti vya nyumba za watu huko Uingereza hufuata namna hii ya pili. Kwa hiyo nyumba ya Kogo haiwezi kuwa ya A. Matumizi yake ni madogo kwa sababu anavumilia, na uvumilivu wa mtu si sifa ya ukuta.

Tena Kogo hula nishati, ila haipiti kwenye waya. Huipata kichwani na mgongoni, mzigo wa kuni baada ya mzigo, na moshi wake anauvuta yeye na wajukuu. Atakayeandika daraja la nyumba za Kenya akasahau kuni na mkaa atakuwa amehesabu sufuria akaacha chakula.

Hapa pana hatari ambayo lazima niitaje waziwazi. Wanaofundisha habari za joto husema: ziba nyufa, ziba chini ya mlango, usiache upepo upite. Neno hilo ni sawa katika nyumba isiyo na moto wa wazi. Lakini kwa mwenye kuingiza jiko la makaa chumbani ili alale kwa joto, ufa ule wa mlangoni ndio uhai wake. Mkaa unaoungua mahali pasipopita hewa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Haimwamshi mtu; humzidisha usingizi, akafa. Basi katika nyumba za baridi utaratibu ni huu: kwanza moto utoke chumba cha kulala, na jiko lipate dohani au dirisha la kutolea moshi, ndipo nyufa zizibwe. Atakayeanza na nyufa ameanza na kaburi.

Nyota za hapa kwetu

Je, Kenya hatuna daraja lolote? Tunalo, ila limebandikwa kwenye vyombo kabla ya nyumba. Kanuni za mwaka 2016 zilileta kibandiko cha nyota kwa baadhi ya vyombo vya umeme, yakiwamo mafriji na mitambo ya kupoza hewa, chini ya mamlaka ya serikali inayosimamia nishati, ambayo leo huitwa EPRA. Nyota ni kuanzia 1 hadi 5. Zikizidi, chombo hufanya kazi ile ile kwa umeme mchache. Lakini ni wateja wangapi dukani huuliza nyota? Tunauliza bei, tunauliza rangi, tunauliza kama linatoa barafu. Friji rahisi lenye nyota chache laweza kuwa ghali kuliko lenzake, kwa kuwa bei ya kwanza hulipwa mara moja na bei ya pili hulipwa usiku na mchana, miaka yote.

Kwa majengo, kuna vipimo vya hiari. Kimoja ni EDGE, kilichoanzishwa na shirika la fedha la IFC lililo chini ya Benki ya Dunia. Hicho hudai jengo lipunguze angalau asilimia 20 ya nishati, asilimia 20 ya maji, na asilimia 20 katika hesabu ya vifaa vya ujenzi, likilinganishwa na jengo la kawaida la nchi ile ile. Hosteli za wanafunzi za Qwetu na Qejani huko Nairobi ni miongoni mwa zilizopata cheti hicho. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba hakiilinganishi nyumba ya Nairobi na ya London. Lakini ni cha hiari, na mwenye kukitafuta huwa ni tajiri wa majengo makubwa. Mwenye vyumba 10 vya kupangisha, viwe vya Kapsoit au vya Kisauni, hajapata kukisikia.

Na hapo ndipo kwenye fundo. Mwenye nyumba ndiye anayechagua bati na kuacha dari; mpangaji ndiye anayelipa stima na mkaa. Anayeokoa shilingi za dari siye anayetetemeka. Kwa hiyo mwenye nyumba hana la kumsukuma, na mpangaji hana la kushika. Cheti cha daraja, popote kilipowekwa, kiliwekwa ili kulifungua fundo hili: kimpe mpangaji jicho kabla hajatoa kodi ya kwanza.

Wazee wetu walikuwa na kipimo chao

Sisi wa Mwambao tusidhani kwamba haya ni ya watu wa baridi. Joto nalo lina gharama. Nenda Lamu uitazame nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta zina unene wa futi moja na nusu na kuzidi. Jua hulipiga jiwe asubuhi, na joto lisifike ndani mpaka jioni, wakati hewa ya nje imekwisha poa. Vyumba ni vyembamba kwa kuwa boriti za mikoko zina urefu wake, lakini dari ziko juu, na joto hupanda juu. Kiwanda cha ndani huingiza mwanga na kutoa hewa ya moto. Njia za mtaani ni finyu, ukuta mmoja ukautilia kivuli mwenzake. Makuti nayo, kwa wasio na uwezo wa sakafu ya chokaa, yalikuwa pamba ya kuzuia joto kabla pamba hiyo haijajulikana. Hapakuwa na herufi wala nyota, lakini fundi aliyejenga nyumba isiyokalika adhuhuri jina lake lilijulikana mtaani.

Sisemi turudi nyuma. Makuti huungua kwa cheche moja, matumbawe hayachimbwi ovyo tena, na boriti zina sheria zake. Nasema tumeacha hesabu pamoja na vifaa. Tumetia bati tupu, tumetia kioo upande wa magharibi, kisha tukanunua mtambo wa kupoza hewa ushindane na jua tulilolikaribisha wenyewe. Walimu wetu wa chuoni walitufunza tusifanye israfu ya maji ya udhu hata tukiwa kando ya mto unaopita. Aliyefundishwa hivyo hawezi kuona sawa kuupoza uwanja mzima ili chumba kimoja kipate ubaridi.

Na tazama hikima iliyomo: dawa ya Kapsoit na dawa ya Mombasa ni moja. Dari yenye pamba juu yake huku huzuia joto lisitoke. Kwetu huzuia joto lisiingie. Ukuta mnene vivyo hivyo. Pazia zito huku hufungwa usiku. Kwetu hufungwa adhuhuri. Maji ya moto kwa jua hufaa pande zote mbili. Kanuni nyingine za mwaka 2012 zilitaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku yatumie jua, wala hapana haja ya kungoja kanuni kwa jambo lenye faida.

Basi mwenye kujenga aanze na paa, kwa sababu paa ndilo linalokutana na jua na baridi uso kwa uso. Kisha atazame dirisha linaelekea wapi. Kisha maji ya moto. Chombo cha umeme kiwe cha mwisho, na akinunuapo ahesabu nyota. Mwenye kupanga naye asione haya kumwuliza mwenye nyumba, au mpangaji anayehama, alinunua stima ya shilingi ngapi kwa mwezi, na mkaa magunia mangapi kwa mwaka. Hicho ndicho cheti chetu mpaka serikali ituletee kingine. Mwalimu amekwisha agiza mbao za dari ya vyumba vya kulala, na amemwambia fundi aanze na chumba cha Kogo, kwa kuwa yeye ndiye mwenye umri mkubwa na paa dogo. Usiku huo mimi nikaandika ubeti huu:

Si rangi uionayo, wala bati la gharama,
Nyumba ni ikukingayo, baridi inapouma,
Nayo ndiyo itunzayo, mfuko usije zama,
Muulize mwenye nyumba, yatumia moto gani?